Kutoka na mtoto mchanga Dar es Salaam: mwongozo wa siku za likizo ya uzazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa ulipotoka kazini, si alipozaliwa mtoto. Ukiwa ulianza likizo wiki mbili kabla ya kujifungua, umebakiwa na 70. Toa arobaini, zimebaki 30. Hesabu hii ifanyike mapema, kwa kalenda na kalamu, maana akina mama wengi hushtuka wiki ya mwisho kwamba hawajatoka na mtoto isipokuwa kwenda kliniki.

Na siku hizo 30 ndizo tamu. Mtoto wa wiki 6 hadi 12 ana kilo 4 hadi 6 tu, hatambai, hahitaji uji wala kijiko, na akishiba analala popote penye joto la mama yake. Akifika miezi 8, matembezi hayohayo yatataka maandalizi mengine kabisa.

Usipime safari kwa kilomita. Ipime kwa nyonyo na jua: mtoto atanyonya mara ngapi kabla hujarudi, na jua litakuwa wapi muda huo. Ukizijua hizi mbili, Coco Beach ni karibu. Usipozijua, hata duka la kona ni mbali.

Kabla ya arobaini

Arobaini ya pwani ina sababu zake. Damu ya uzazi huendelea kutoka kwa wiki 4 hadi 6, mshono bado mbichi, na kinga ya mtoto ni changa. Basi mama akikandwa maji ya moto, akinywa uji wa pilipili manga na kulala mtoto anapolala, asione kwamba anapoteza likizo.

Hata hivyo kuna safari ambazo arobaini haizizuii: mahudhurio ya kliniki baada ya kujifungua. Ya kwanza ni ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Hizi ndizo matembezi ya kwanza ya mtoto, kwa hiyo zitumie kujifunza: begi lilipungukiwa na nini, mtoto alistahimili muda gani, fundo la kitenge lililegea au lilishika. Andika kwenye simu. Siku ya 42 inaangukia chanjo ya wiki ya 6, ile ya pentavalenti, matone ya polio, nimonia na rota. Baada ya chanjo mtoto anaweza kupata homa kidogo na kulialia siku moja au mbili, kwa hiyo usipange kwenda popote siku hizo. Fanya hivyohivyo kwa chanjo za wiki ya 10 na ya 14.

Aliyejifungua kwa upasuaji asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki 6 za mwanzo. Begi libebwe na mwingine. Na kwa mama yeyote: ukirudi ukaona damu imeongezeka au imekuwa nyekundu tena baada ya kuwa imefifia, ujue umetembea kupita kiasi. Pumzika siku mbili kabla ya kutoka tena. Ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, nenda hospitali.

Kupanga muda

Mtoto wa umri huu hukaa macho kati ya dakika 45 na saa moja na nusu, kisha anataka kulala. Ananyonya kila baada ya saa 2 hadi 3, wakati wa joto mara nyingi zaidi. Kwa hiyo siku mbili kabla ya matembezi mwangalie tu: asubuhi anaamka saa ngapi, ananyonya dakika ngapi, anasinzia lini. Halafu panga hivi:

1. Mnyonyeshe nyumbani mpaka aliache ziwa mwenyewe. Mbeulishe kwa dakika 10, akiwa wima begani.
2. Mbadilishe nepi baada ya kunyonya, si kabla. Wengi hujisaidia wakinyonya, na nepi safi ya dakika tano zilizopita itakuwa imeshapotea bure.
3. Mvishe mwisho kabisa, wewe ukiwa umeshavaa na begi liko mlangoni.
4. Toka ndani ya dakika 15. Atasinzia njiani.
5. Panga kufika kabla ya nyonyo inayofuata, ili anyonye umekaa, si kwenye foleni ya Ubungo.

Kosa linalowaponza wengi ni kumvisha mtoto kwanza na kujiandaa baadaye. Mama anapomaliza kuoga na kutafuta viatu, nusu saa imekwenda, mtoto ameloa jasho, ana njaa tena, na safari inaanza kwa kilio.

Saa nzuri za kutoka ni mbili. Asubuhi, kuanzia saa 1 hadi saa 4, ni bora kupita zote. Jioni, kuanzia saa 10 hadi saa 12, jua limepoa lakini barabara zimejaa na mbu wako njiani. Kati ya saa 5 na saa 9 mtoto akae kivulini au ndani, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma, unaweza kuiongeza asubuhi kwa saa moja. Masika, Machi hadi Mei, shida si mvua yenyewe bali kurudi nyumbani: bonde la Jangwani likijaa maji, barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama. Kukiwa na mawingu mazito, tembea upande uleule wa Jangwani uliko nyumbani kwako.

Joto, na ile sweta

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo watoto wengi wanapoumia kwa mapenzi. Dar ina nyuzijoto 32, na mtoto wa wiki 7 amevaa fulana, gauni, sweta la sufi, soksi, kofia, kisha amefungwa blanketi zito. Sababu inayotolewa ni upepo. Lakini mwili wa mtoto mchanga haujaweza kutoa jasho vizuri kama wa mtu mzima, na kichwa chake, ambacho ndicho kikubwa kwake, ndiko joto linakotokea. Ukikifunika kofia ya sufi, umeziba njia.

Kipimo ni rahisi: mvishe safu ileile uliyovaa wewe. Ukiwa na blauzi moja ya pamba, naye avae nguo moja nyepesi ya pamba yenye mikono mirefu, na khanga moja ya kumtandazia akiingia penye upepo au kiyoyozi. Kwa jua, kofia nyepesi ya kitambaa yenye ukingo. Usipime joto lake kwa kushika mikono au miguu, maana huwa baridi hata akiwa mzima. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo, kati ya nguo na ngozi. Pakiwa pakavu na pana joto la kawaida, yuko sawa. Pakiwa na jasho, vua kimoja. Vipele vidogo vyekundu shingoni na kwenye mikunjo ni harara. Vinaisha vyenyewe ukimpunguzia nguo na kumwogesha, wala usivipake poda, kwani vumbi lake linaingia mapafuni.

Mafuta ya kukinga jua hayapendekezwi chini ya miezi 6, kwa hiyo kinga yake ni kivuli. Kwenye mchanga wa pwani hata kivuli cha mwavuli hakitoshi, kwa sababu mwanga unaruka kutoka kwenye mchanga na maji. Kaa chini ya mti au banda la makuti, mita kadhaa mbali na mchanga mweupe. Ukitumia kigari cha mtoto, usikifunike kwa khanga mbele yote. Ndani yake hewa inasimama na joto linapanda kwa dakika chache. Funika upande wa jua tu.

Maji asipewe, hata kwenye joto, wala glukosi. Hadi miezi 6 maziwa ya mama ndiyo maji yake na chakula chake. Anayehitaji maji ni wewe: beba lita moja na uimalize.

Usiku ukikaribia, mbu wa malaria wanaanza kazi, na mbu wa dengi huuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Dawa za kupaka zenye DEET hazifai kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Basi mikono mirefu, miguu iliyofunikwa, chandarua cha kigari kama unacho, na kuwa nyumbani kabla ya saa 12 na nusu jioni.

Begi

Begi zito ni adui. Kwa matembezi ya saa 3 au 4 hivi vinatosha:

- Nepi: moja kwa kila saa 2, na 2 za ziada. Za kitambaa, ongeza moja.
- Khanga 3: moja ya kumlaza na kumbadilishia, moja ya kujifunika ukinyonyesha, moja ya dharura. Khanga inakauka haraka na inakunjika ndogo kuliko taulo lolote.
- Nguo za mtoto seti 2, na blauzi moja yako. Blauzi ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayocheuliwa.
- Tishu za maji, au vitambaa vya pamba na chupa ndogo ya maji safi. Kitakasa mikono.
- Mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji, wenye zipu, kwa nguo chafu. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mfuko mbadala unavuja ukiwekewa nepi mbichi.
- Kadi ya kliniki na kadi ya bima. Hata ukienda kula mishikaki.
- Maji yako, ndizi au karanga, na chenji.

Anayetumia maziwa ya kopo asibebe yaliyokwisha kukorogwa. Weka unga mkavu, uliopimwa kwa mlo mmoja, kwenye kikopo safi chenye mfuniko. Maji yaliyochemka yawe kwenye chupa ya chai. Koroga anapotaka kunywa, maji yakiwa bado moto kiasi cha nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Kisha poza chupa kwenye bakuli la maji baridi na udondoshee kifundo cha mkono kupima. Asichomaliza kimwagwe.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 penye nyuzijoto 25. Dar mchana ni zaidi ya hapo, kwa hiyo yaweke kwenye kibegi cha barafu. Barafu ikiwa bado imeganda, hukaa hadi saa 24.

Kumbeba

Mpaka shingo ikaze, yaani miezi 3 hadi 4, mtoto abebwe mbele. Mbeleko ya mgongoni ni nzuri mno, lakini kwa mtoto wa wiki 7 huoni uso wake, na shingo isiyokaza ikiinama mbele inabana njia ya hewa bila yeye kulia.

Khanga moja ni fupi kwa kumfunga mbele, kama mita moja na nusu tu, na fundo linabaki na ncha fupi zinazoteleza. Chukua kitenge cha yadi 3, cha pamba, kilichofuliwa mara kadhaa mpaka wanga wake uishe. Kipya kinateleza.

1. Pitisha kitenge juu ya bega la kulia, ncha moja mgongoni na nyingine kifuani, zikutane kwenye kiuno cha kushoto.
2. Funga fundo mara mbili, kila ncha ikibaki na urefu wa kiganja. Livute fundo likae nyuma kidogo ya bega, ambako halimgusi mtoto. Vuta kwa uzito wa mwili kabla ya kumweka yeyote.
3. Mlaze mtoto kwenye bega la kushoto, shusha miguu yake ndani ya kitenge, tumbo lake lilale tumboni mwako.
4. Tandaza kitambaa kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili, kisha kipandishe juu hadi chini ya masikio. Makalio yawe chini kuliko magoti, kama chura alivyokaa. Miguu ikining'inia imenyooka, nyonga zinaumia.
5. Panua kitambaa begani kifunike kama fulana. Kikikusanyika shingoni, utaumwa kabla ya robo saa.
6. Kagua: uso wake unaonekana bila kufunua, kati ya kidevu na kifua vinapita vidole viwili, na ukiinama kidogo unafikia paji la uso kumbusu.

Mkono mmoja ubaki nyuma yake muda wote, na ukiokota kitu chuchumaa, usiiname. Ukimnyonyesha humohumo, akimaliza mrudishe wima. Watoto hulala na ziwa mdomoni, kidevu kikashuka kifuani, na hapo ndipo hatari ilipo.

Jaribu nyumbani mara tatu kabla ya barabarani, bibi au dada akiwa karibu. Bibi akisema fundo limekaa vibaya, msikilize, amefunga mengi.

Usafiri

Bodaboda, hapana. Hata kwa kipande kifupi, hata dereva akiwa mtu wa mtaani kwenu.

Daladala na mwendokasi panda mwanzo wa njia, siyo katikati: Mwenge, Makumbusho, Mbagala Rangi Tatu, Gongo la Mboto, au Kimara na Kivukoni kwa mwendokasi. Pale gari linakuja tupu na unachagua kiti. Epuka saa 12 hadi saa 3 asubuhi kuelekea mjini, na saa 10 hadi saa 1 usiku kutoka mjini. Konda akikuona atasema "mpisheni mama mwenye mtoto", nawe usione haya kukaa.

Chagua upande. Ukitoka Posta kwenda Mwenge unaelekea kaskazini: asubuhi jua liko kulia, kaa kushoto, jioni kinyume chake. Ukirudi, geuza hesabu. Saa nzima ya jua la dirishani inatosha kumchosha mtoto. Usikae karibu na mlango, wala juu ya injini.

Bajaji inafaa kwa safari fupi. Kaa katikati ya kiti, mtoto akiwa kwenye kitenge mbele, umpe mgongo moshi wa magari. Mwambie dereva mapema: "Nina mtoto mchanga, kaka, twende polepole kwenye matuta." Teksi au gari la nyumbani, mtoto afungwe kwenye kiti chake cha watoto, kilichowekwa nyuma, akitazama nyuma ya gari. Gari likiwa limesimama juani, gusa vyuma vya mkanda kwanza, vinaunguza. Kila baada ya saa 2 mtoe kwenye kiti, anyooke. Na asiachwe garini hata dakika moja.

Kivuko cha Kigamboni kina hatari moja: geti likifunguliwa. Watu hukimbia. Simama pembeni ukutani, waache wapite, uingie mwisho. Kusimama kwa dakika kumi ukiwa salama ni bora kuliko kiti.

Wapi, na kwa mpangilio gani

Usianze na ufukwe. Jenga polepole.

Matembezi ya kwanza ni dakika 20, mtaani kwenu, saa 2 asubuhi, bila begi. Mzunguko mmoja, salamu kwa majirani, nyumbani. Rudia siku tatu. Ya pili ni genge au duka, dakika 45, ukiwa na begi. Ununue kitu kimoja tu. Ya tatu ni kwa ndugu au rafiki anayekaa si zaidi ya nusu saa kutoka kwako, ambako unaweza kulala kidogo na mtoto akanyonya mara mbili. Hapo utajua kama begi limetimia.

Ya nne sasa iwe ya starehe. Katikati ya jiji pana pahali pawili vilivyopakana: Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Kutoka vituo vya Posta ni mwendo mfupi kwa miguu. Fika saa 3, kaa bustanini chini ya miti mikubwa mpaka anyonye, kisha jua likianza kuuma ingia makumbusho. Ndani pametulia, pana viti, na utasoma habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, mtoto akiwa amelala kifuani. Saa 5 na nusu anza kurudi, ukipita kivulini.

Kijiji cha Makumbusho, barabara ya kuelekea Mwenge, kilifunguliwa mwaka 1967. Nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa katika uwanja wenye vivuli, na njia zake ni za kutembea taratibu. Kukiwa na ngoma, kaa mbali: kama inakubidi kupaza sauti ili mwenzako akusikie, ni kelele mno kwa masikio yake. Kanuni hiyohiyo itumie kwenye harusi na spika zake.

Ufukwe uwe wa mwisho. Coco Beach asubuhi ya siku ya kazi ina upepo na nafasi. Jumapili jioni ina umati, moshi wa mihogo na mishikaki, na foleni ya kurudi inayokukuta gizani. Mtoto asiingizwe baharini. Mwache anusie hewa, wewe ukanyage maji, mwingine akimshika kivulini. Upepo ukirusha mchanga, mgeuze uso kifuani kwako.

Kumpeleka mtoto kwa bibi Morogoro kumekuwa rahisi tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024: karibu saa 2 njiani, ambazo ni nyonyo moja tu. Chagua ya asubuhi. Kuna kiyoyozi, kwa hiyo soksi na khanga ya ziada, uzivue mara mnaposhuka.

Baba ana angalau siku 3 tu za likizo kisheria, tofauti na Kenya ambako ni wiki 2. Basi Jumamosi iwe yake: yeye afunge kitenge, abebe mtoto, mama atembee mikono mitupu. Mtoto hulala vizuri kwenye kifua cha baba, maana hakina harufu ya maziwa ya kumkumbusha njaa.

Kunyonyesha njiani

Usingoje kilio. Kilio ni dalili ya mwisho. Kabla yake atageuza kichwa akitafuta, atalamba midomo, atatia ngumi mdomoni. Ukimwahi hapo atashika ziwa vizuri. Akishalia, anameza hewa na atacheua.

Vaa blauzi ya vifungo au yenye shingo pana. Tupia khanga begani, ncha moja uibane chini ya kamba ya sidiria, upande wa juu ubaki wazi ili uso wake upate hewa. Mahali pa kukaa hapakosekani ukiuliza kwa adabu: duka la dawa, zahanati, sehemu ya wanawake msikitini, saluni. "Shikamoo mama, naomba nikae hapa nimnyonyeshe mtoto" haijawahi kuwa na jibu baya katika mji huu.

Mikono ya watu

Kila mtu atataka kumpakata, na wengi watataka kumbusu. Mafua ya mtu mzima ni jambo dogo. Kwa mtoto wa wiki 8 yanaweza kuwa nimonia. Kataza bila kuvunja moyo: "Bibi, nawa mikono kwanza, halafu umpakate." "Naomba radhi shangazi, ndiyo kwanza amelala." "Mbusu miguu, dada, kliniki wamesema uso tuuache." Mwenye kikohozi au kidonda mdomoni asimsogelee kabisa, hata akiwa ndugu wa damu.

Ukishauriwa kumfunga uzi shingoni kwa ajili ya jicho la watu, shukuru, lakini shingoni usifunge kitu: kinaweza kumkaba akiwa amelala kwenye kitenge. Wanja nao uuache, kwani baadhi yake una madini ya risasi.

Mambo yakiharibika

Akilia bila kukoma, fuata mpangilio: nyonyo, nepi, joto, usingizi. Ukimaliza yote bado analia, rudi nyumbani. Hiyo haihesabiki kuwa safari iliyoshindikana.

Akiwa mwekundu, shingo imeloa, anapumua haraka na amelegea, ni joto. Ingia kivulini, mvue abaki na nepi, mpepee, mfute kwa kitambaa cha maji ya kawaida (si ya barafu), mnyonyeshe. Asipochangamka upesi, hospitali.

Dalili za kwenda hospitali palepale, bila kupitia nyumbani: joto la nyuzi 38 au zaidi, au chini ya 35.5, kukataa ziwa, degedege, kifua kubonyea akivuta hewa, pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, au 50 na zaidi akishapita hapo, ukihesabu dakika nzima akiwa ametulia, utosi kuzama au kuvimba. Nepi nazo zihesabu: zikiloa chini ya 6 kwa siku nzima, hanyonyi vya kutosha. Dawa ya homa usimpe ya kukisia. Dozi huenda kwa uzito, na muuguzi ndiye apime.

Mkirudi

Nawa mikono, mvue nguo za barabarani, mfute mikunjo ya shingo na kwapa, mnyonyeshe. Kabla hujakaa, jaza begi upya: nepi, khanga, blauzi. Begi lililojazwa jioni ndilo linalokutoa nyumbani saa 1 asubuhi.

Khanga, kitenge na nepi za kitambaa zifue siku ileile na uzianike kwenye kamba juani, siyo kwenye majani wala ukutani. Nzi wa embe hutaga kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini. Kwa hiyo zikishakauka zipige pasi ya moto pande zote mbili, ukikazia pindo na mishono, hata zile zilizoanikwa ndani.